Upande wa Kutazama Ziwa

Mbamba Bay

Mpendwa wifi Edina,

Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Sitaisingizia meli, wala posta, wala macho yangu. Barua yako ilifika salama. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimeketi, kisha nikaiweka chini ya kopo la chumvi, mahali ambapo siwezi kupika bila kuiona. Uliniuliza jambo moja tu la maana. Mengine yote yalikuwa salamu na bei ya vitenge. Uliuliza: "Wifi, siku hizi unajiweka benchi gani?"

Unanifahamu. Sijibu swali ambalo sijalijua jibu lake. Miaka yote niliyosimama mbele ya ubao niliwaambia watoto kwamba anayejibu upesi asilolijua ana makosa mawili, la kutojua na la haraka. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaanza kulitafuta jibu. Sasa nakaribia kulipata, tena kwa wakati unaofaa, kwa sababu swali lako si la mzaha tena. Watu wa Mbinga wananiuliza lile lile, na safari hii jibu langu litawagusa watoto wa watu.

Nitaanza mbali kidogo. Mengi ya haya unayajua, lakini nataka uyaone kama nilivyoyaona mimi.

Unaikumbuka meza. Kaka yako aliiunda kwa mbao za mninga zilizobaki alipomaliza milango ya kanisa, akaipaka rangi ya kijani aliyoizimua mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa, akaiweka barazani kwetu. Wavu ulikuwa kipande cha wavu wa usipa uliochakaa, na kwa muda mrefu ulinuka samaki kiasi kwamba paka wa jirani alikuja kutazama kila mchezo. Vibao vya kupigia alivichonga mwenyewe, mbao tupu. Mpira ulipobonyea tuliutumbukiza katika maji ya moto ya chai, ukafura, ukarudi mezani. Ilikuwa lazima uponywe, maana madukani hapakuwa na mwingine. Miaka ile hata sabuni haikupatikana, sembuse mpira wa meza.

Mimi nilikuwa nimetoka Matiri, mwalimu mgeni na mke mgeni, Mmatengo nisiyejua hata kumtoa samaki mbasa miiba. Siku ya kwanza nilisimama upande wa karibu, ule unaolipa ziwa mgongo. Kaka yako akanizuia.

"Hapana," alisema. "Mgeni husimama upande wa kutazama ziwa. Kwetu mgeni hawekwi akapewa ukuta kutazama."

Nikamwambia kwamba sheria za mchezo zinawataka wachezaji wabadilishane pande kila mchezo mmoja unapokwisha. Wewe ukadakia kutoka mlangoni, ukiwa bado na funguo za ofisi ya bandari mkononi.

"Sheria hiyo ya wapi, mke wangu? Hapa mkubwa hahamishwi kwa ajili ya kijipira."

Ndivyo ulivyoniita tangu siku ile, mke wangu, kama wifi wa pwani hii wanavyowaita wake wa kaka zao. Mimi nilikubali, kwa sababu desturi ya nyumba ya watu huheshimiwa. Tangu hapo nilikuwa na upande wangu na wewe ukawa na wako. Miaka ikapita. Nilikoma kuwa mgeni, nikawa mkubwa, na mkubwa naye hutazama ziwa.

Alasiri zile nazikumbuka zote kama moja. Wewe unafunga ofisi, mimi nafunga madaftari, kaka yako anavuta kigoda awe mwamuzi asiyejua kuhesabu.

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba."

"Leo nakurudisha kwenu Matiri na begi lako."

"Mrudishe," kaka yako alisema, "halafu kuanzia kesho utanipikia wewe."

"Aa! Basi abaki. Nilikuwa natania."

Kisha tunacheza, nami nakushinda. Si kila siku, lakini siku nyingi. Pigo langu la kiganja lilikuwa likitua kwenye pembe ya meza kama muhuri. Mapigo yako ya nguvu yaliruka mwisho wa meza yakaangukia kwenye kitalu cha mchicha chini ya ukuta, na kila yaliporuka nilikuambia neno lile lile: "Zuia mkono, Edina." Ukauzuia. Ukajifunza mpira mfupi, wa chini, unaoangukia nyuma tu ya wavu na kulala hapo. Niliuona kuwa ni mchezo wa mtu asiye na nguvu, nikausahihisha kama ninavyosahihisha insha, lakini wewe ulisema ndio unaokaa mezani. Basi hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mimi nakushinda, kwa hiyo mimi ni wa kwanza na wewe ni wa pili. Nawe ulihesabu vivyo hivyo. Hakuna kati yetu aliyeiuliza baraza.

Mama yangu alikuwa na neno lake kuhusu ngoro, yale mashimo tunayochimba katika miteremko ya kwetu ili mvua isichukue udongo. Wasichana tulipomaliza kuchimba tulikuwa tukisimama juu ya kilima na kusifiana: yako imenyooka, yangu ina kina. Mama alipita bila kutazama, akasema: "Ngoro haisifiwi kiangazi. Subirini mvua." Nilikuwa nimelisahau neno lile. Nililikumbuka ndani ya ghala la kahawa.

Wakati ule mambo yalikuwa yameanza kufunguliwa. Madukani vitu vilirudi, na watu wakaanza kuchagua rangi ya sabuni. Huko juu Mbinga chama cha ushirika hakikuwa tena mnunuzi peke yake. Wanunuzi binafsi walifika na magari na mizani yao, wakanunua kahawa mlangoni kwa mkulima. Ghala moja likabaki tupu. Walimu na makarani wakaomba funguo, wakaingiza meza mbili za dukani, wakaanzisha klabu. Tangazo lilipotufikia, tulipanda na pikapu ya wauza usipa. Tulishuka mbele ya watu wakishika pua, nawe ukawaambia: "Msizibe pua, jamani, hiyo ni harufu ya mabingwa."

Unaujua utaratibu wa ghala lile, na sijaona mwingine ninaouheshimu zaidi. Hakuna anayekupanga. Mabenchi ni matatu: la mbele la wachezaji wa daraja la kwanza, la kati la daraja la pili, la nyuma la wanaojifunza. Unaingia, unaweka kibao chako mapajani, unaketi pale unapoamini kuwa ni mahali pako. Hakuna atakayekuhoji, meza ndiyo itakayokuhoji. Ukishindwa na mtu wa benchi lililo nyuma ya lako, mnabadilishana nafasi, wala hakuna atakayekuambia uinuke. Unainuka mwenyewe.

Na unakumbuka kilichotokea. Watu wangu wa milimani, ambao tangu ubatizo wamesikia kwamba mwalikwa asikimbilie kiti cha mbele, wote walijazana benchi la nyuma. Walikuwamo walimu waliocheza tangu chuoni, wamebanana na watoto wa shule. Watu wenu wa ziwani wakajaza benchi la mbele, na mmoja wao hakuwa hata na kibao. Mwenyekiti, Bwana Ndunguru, akasimama katikati akashika kiuno.

"Jamani, benchi la nyuma litavunjika! Wamatengo mmeshiba unyenyekevu, Wanyasa mmeshiba samaki. Nani ataketi katikati?"

"Mimi, Bwana Mwenyekiti!" uliitikia. "Mimi nimeshiba wifi yangu."

Watu walicheka, ukaketi katikati peke yako, umekunja nne. Mimi nilikwenda benchi la mbele. Sikuona haya, na hata leo sioni. Niliketi pale kwa kufuata ushahidi niliokuwa nao. Anayejishusha huku akijua kwamba ameshuka chini ya ukweli anasema uongo sawa na anayejikweza, ila uongo wake una manukato.

Jina langu likaitwa na lako. Nilitabasamu, kwa sababu nilidhani tumepanda mlima wote ule ili kurudia mchezo wa barazani.

Pigo langu la kwanza la kiganja lilitoka nje. La pili likatoka nje. La tatu liligonga ukuta wa ghala, na makapi ya kahawa yakadondoka kutoka kwenye boriti. Wewe ulinitazama juu ya wavu, macho yakicheka.

"Zuia mkono, wifi."

Watu wa ziwani wote walilijua neno lile ni la nani. Nilikusikia, na nilisikia kicheko chao, lakini sikukasirika, kwa maana nilikuwa na kazi ya kufanya. Mchezo wa kwanza ukauchukua. Tulipokuwa tukibadilishana pande niliona mwanga ukiingia kwa dirisha dogo la juu, na vumbi la makapi limesimama ndani ya mwanga ule bila kutikisika, kama limetundikwa. Nikasimama na mimi. Ndani ya ghala lile hapakuwa na upepo.

Hapo nikaielewa baraza yetu. Upepo wa alasiri hutoka ziwani. Anayeutazama, akipiga kwa nguvu zake zote, upepo huupokea mpira na kuulaza mezani. Anayeupa mgongo, akipiga kwa nguvu zile zile, upepo huusukuma mpira na kuutupa kwenye mchicha. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikicheza na mtu wa pili upande wangu, na mtu huyo sikuwahi kumhesabu. Wewe ulikuwa ukicheza dhidi ya wawili. Pigo langu la nguvu lilikuwa nusu yangu na nusu ya ziwa. Mpira wako mfupi, ambao niliusahihisha, ulikuwa wako wote.

Mchezo wa pili niliuzuia mkono wangu, nikaushinda. Nataka jambo hilo likae wazi katika barua hii, kwa sababu kaka yako akisimulia hulisahau. Mchezo wa tatu ulikuwa wa kushikana koo. Tulikwenda pointi kwa pointi mpaka mwisho, ukanilazia mpira nyuma ya wavu, miguu yangu ikaufikia na mkono wangu ukachelewa. Ulinishinda kwa haki.

Niliinuka, nikachukua kibao changu, nikaenda benchi la kati. Wewe ulibaki umesimama katikati ya njia, kibao kifuani.

"Edina, kaa," nilisema.

"Wifi, mimi siwezi kukaa mbele yako. Watu wa kwetu Lipingo watasemaje?"

"Watasema umeshinda."

"Wewe ni mkubwa wangu."

"Nyumbani. Hapa kaa mahali pako."

Ulikaa. Ulikaa kwa ukingo, kama mtu aliye katika kiti cha mwenye nyumba, lakini ulikaa. Nikwambie leo lililokuwa moyoni mwangu wakati ule, kwa sababu sikulisema. Sikuona fedheha. Niliona kitu kilichokuwa kimepinda kikinyooshwa, na mimi hupenda kuona kitu kikinyooshwa, hata kama kilichopinda ni changu.

Mwishowe wewe nawe uliondolewa na Sista, yule mwembamba aliyekuwa amejibana pembeni kabisa mwa benchi la nyuma. Alitoka nyuma akatupita sote kama anafagia. Nilimfuata baadaye nikamwambia kwamba alikuwa amesema uongo bila kufungua kinywa. Alicheka mpaka akashika rozari yake.

"Mwalimu, hiyo nitaipeleka kwenye kitubio."

Siku iliyofuata tulishuka na gari la mbao. Hukusema kitu tangu Mbinga, jambo ambalo kwa desturi yako ni ugonjwa. Bandarini walikuwa wamewaambia kwamba wafanyakazi watapunguzwa, na kwa wiki nyingi ulikuwa ukisema kwamba utasubiri tu, labda watakusahau, maana wewe si mtu wa kuanza biashara, wewe ni mtu wa katikati. Gari lilipofika ile kona ambapo ziwa linaonekana lote kwa mara moja, ulinigusa goti.

"Wifi, kumbe muda wote nilikuwa napigwa na upepo, nikidhani napigwa na wewe."

"Na mimi pia nimekupiga kidogo."

"Kidogo," ulisema. Ukacheka, na hukunyamaza tena mpaka Mbamba Bay.

Hukungoja wakupunguze. Ulipanda meli na magunia ya usipa mkavu na ya maharage ya kaka zangu, ukasema utakwenda ng'ambo kuona kama Wamalawi wanakula. Walikula. Wewe ukabaki huko, na mimi nikabaki na meza. Huwa natafakari jinsi mchezo wa ghalani ulivyokupa njia na kuninyang'anya mchezaji mwenzangu kwa mkono mmoja. Silalamiki. Natoa taarifa.

Ulipoondoka nilifanya jambo ambalo kaka yako hajalizoea mpaka leo. Nilihamia upande wako. Siku hizi nasimama nikilipa ziwa mgongo, na yeyote anayekuja kucheza anatazama maji.

"Utaniaibisha," aliniambia. "Watu watasema nimempa mke wangu ukuta kutazama."

"Waambie mkeo anajipima."

"Anajipima nini, umri wote huu?"

"Ndiyo sababu. Nikingoja zaidi, nitakuwa najipimia kaburini."

Hata hivyo kuhama upande kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni adabu za watu. Mji mzima huu nimeufundisha kusoma. Anayekuja kucheza nami hutoa shikamoo kwanza, kisha hunipa na pointi. Nakiona kibao kikichelewa kwa makusudi. Nauona mpira mwepesi uliopaswa kurudi kwa kishindo ukirudi kama unaomba ruhusa. Mpwa wako mmoja nilimfukuza barazani kwa kosa hilo, akaenda kumwambia kaka yako kwamba Mama Mdogo anagombana na watu wanaomwachia ashinde. Mtu anayeheshimiwa na wote atajuaje kiwango chake? Akiwauliza, watamsifu. Akiwashinda, hajui ni nani aliyeshinda, yeye au salamu yake.

Nilipata njia mbili. Ya kwanza ni chaki. Nilichora duara kwenye pembe za meza, nikaacha kabisa kuhesabu pointi, nikahesabu mahali mpira unapoangukia. Mpira hauna shikamoo. Ukitua ndani ya duara umetua, na ukitua nje hakuna mtu wa kukubembeleza. Nilipiga asubuhi, wakati ziwa limelala na hakuna upepo, kisha nikapiga alasiri, upepo ukinisukuma mgongoni. Nilifuta na kuchora upya mpaka rangi ya kaka yako ikaisha kwenye pembe.

Ya pili ni Mama Tumaini. Wewe humjui, amekuja baada yako. Ni Mkinga, mfanyabiashara, amefungua duka la vyombo karibu na stendi, na huko kwao alicheza mpira wa meza shuleni mpaka akaogopwa. Hakusoma kwangu, hana undugu nami, na hana huruma. Siku ya kwanza alinishinda, akaweka kibao chini, akafunga khanga yake upya.

"Mwalimu, samahani, nimekushinda vibaya."

"Usiniombe samahani. Njoo kesho."

"Mimi kesho nakuja. Lakini usitegemee nitakuachia. Mimi sikuja Mbamba Bay kusalimia, nimekuja kuuza."

Nilimpenda papo hapo. Tumecheza majira yote ya masika, na kila mchezo tunabadilishana pande kama sheria inavyotaka. Kaka yako amejifunza kuhesabu. Mwanzoni Mama Tumaini alinishinda kila siku. Sasa akinishinda leo, namshinda kesho, na jana aliniuliza kwa hasira ni nani ananifundisha yeye akiwa dukani.

Basi haya ndiyo ninayoyajua kuhusu mchezo wangu, bila kuongeza wala kupunguza. Kuanzisha kwangu ni kwa daraja la kwanza. Hakuna anayeupata mpira wangu wa kwanza bila kufikiri. Mgongo wa mkono ni imara kuliko ulivyokuwa ulipokuwa hapa. Kiganja changu kimepoteza ule muhuri wa zamani, lakini kilichobaki ni changu chote. Ninajua kumsoma mtu kabla hajapiga, na hilo nilijifunza darasani. Miguu yangu ni ya mwanamke mwenye wajukuu, na mpira mfupi, ule wa kwako, bado unanisumbua. Naufikia mara nyingi kuliko zamani. Sijui kama ni mara nyingi za kutosha.

Na sasa nakuambia kwa nini hilo la kutosha au kutotosha linaninyima utulivu, mimi nisiyenyimwa na mengi.

Bwana Ndunguru alishuka hapa mwezi uliopita. Mnunuzi mmoja wa kahawa anataka kulikodi ghala lote. Kamati imekataa kumpa lote, lakini imekubali kumpa siku zile ambazo hazina kazi. Siku za wavulana zina mwalimu. Siku za wasichana zilikuwa za Sista, naye amehamishwa. Utaratibu wa ghala unasema anayefundisha awe mtu wa benchi la mbele, na kati ya wanawake wote walioketi mle hakuna aliyebaki mbele. Klabu itafunguliwa mavuno ya kahawa yakiisha. Siku hiyo akipatikana mwanamke wa kuketi benchi la mbele na kulilinda mezani, wasichana watabaki na siku zao. Asipopatikana, magunia yataingia.

Nikamwambia, "Unaniomba niketi mbele?"

"Hapana, Mwalimu. Unajua hatumwombi mtu. Nimekuja kukujulisha tu kwamba benchi lipo."

Nilimwona mjanja, lakini alisema sawasawa. Niliwatembelea wasichana wale nilipokwenda Matiri kwenye msiba. Wengi ni watoto wa wakulima wa kahawa, mikono imekomaa kwa jembe, na wote wanapiga mpira kama wanaua nyoka. Hakuna aliyewaambia wazuie mkono. Nilisimama mlangoni, vidole vyangu vikitafuta chaki. Nimestaafu, Edina, lakini kazi yenyewe haijaniacha, na kazi ile pale naiweza. Kaka yako amekubali niwe nakaa kwa kaka yangu Mbinga siku za katikati ya wiki. Alisema atajipikia, kisha akauliza ukoo mzima ni nani anaweza kumpikia.

Watu wananiambia, kaa mbele tu, Mwalimu, ni kwa ajili ya watoto. Hilo ndilo siwezi. Nikiketi mbele kwa sababu wasichana wananihitaji, nitakuwa nimerudi barazani, nimesimama mbele ya upepo wa watu wengine, na meza itanifichua mbele ya wale wale ninaotaka kuwafundisha. Nikiketi katikati kwa sababu ya kuogopa, hali ninajua kwamba nimefika mbele, nitakuwa Sista bila kitubio, na magunia yataingia kwa uongo wangu. Nitaketi pale ambapo ni pangu. Kumebaki kupima mpira mfupi. Nimemwambia Mama Tumaini anichezee huo tu mpaka mwisho wa mwezi, bila huruma, naye amejibu kwamba huruma aliiacha kwao Makete.

Sina hofu. Usinisome vibaya. Zamani nilijiamini kwa sababu nilikuwa nakushinda. Leo najiamini kwa sababu najua ni kipi changu na ni kipi cha ziwa. Imani hii ya leo ni tamu kidogo kuliko ile, na inadumu zaidi.

Lakini alasiri nikiwa mezani, upepo ukinisukuma mgongoni, ndipo nakuona. Nimesimama penye alama za miguu yako. Naona ulichokuwa ukikiona: ukuta, mlango, kigoda cha kaka yako, na mimi mbele yako nikikuambia uzuie mkono. Nakustahi, wifi. Ulicheza miaka yote ile upande mgumu, ukaja kila siku, ukaja na utani.

Kaka yako anakusalimu, anauliza kama Wamalawi bado wanakula. Meza ipo, imepakwa rangi upya pembeni. Siku utakayokuja utasimama upande wa kutazama ziwa, kwa kuwa mgeni sasa ni wewe. Na mchezo wa kwanza ukiisha tutabadilishana, umri usitajwe.

Hilo nimekwisha kuliamua. La benchi nitakuandikia siku nitakayoliamua, na nitaipeleka barua melini kabla sijaketi.

Ni mimi wifi yako,
mke wako wa Matiri